Unga wa Kasongo

Karani Asani alisoma karatasi yangu mara mbili, kisha akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mama Emilienne, umeandika Wamaza."

"Ndiyo, Baba Asani."

"Unatoka Kasongo, unaenda Wamaza. Si kinyume?"

"Si kinyume."

Mwaka ule wa 1956 mtu hakuweza kuhama kutoka wilaya moja, teritwari kama tulivyoiita, kwenda nyingine bila karatasi yenye muhuri, na karatasi zote za Kasongo zilipita mezani kwa Asani. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye ndevu fupi na kalamu tatu mfukoni. Binti zake wawili walikuwa wamepita mikononi mwangu kwenye shule ya masista.

"Hapa wanakulipa faranga elfu moja na mia nne," alisema. "Kule mia nane. Sasa nitazame fomu. Iko na mahali pa mutu anayepanda cheo. Iko na mahali pa mugonjwa, iko na mahali pa mutu anayeolewa. Mahali pa mutu anayeshuka kwa kupenda mwenyewe, hapana."

"Andika kazi tu, baba."

"Masista wamekufukuza?"

"Hapana."

"Basi kuna bwana kule."

Watu wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi nyuma yangu walicheka. Mimi ninapoona haya sauti hunikimbia kabisa, na siku ile ilitaka kunikimbia. Nikashika ukingo wa meza.

"Kuna mtoto," nilisema. "Wangu."

Asani aliivuta karatasi karibu. Alipiga muhuri, akapuliza wino ukauka, akanipa karatasi kwa mikono miwili.

Feza alikuwa na mwaka mmoja na nusu baba yake alipofariki. Mume wangu Marcellin alikuwa mpima pamba kwenye bohari la kampuni; homa ilimkamata Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Mama yake alikuja kutoka Wamaza kwa matanga, akakaa nasi siku arobaini katika chumba changu cha kupanga, na siku ya kuondoka akamfunga mtoto mgongoni kwake. Hakuniomba, na sikumlaumu. Kwao mtoto ni wa nyumba ya baba, tena huyu alibeba jina lake yeye mwenyewe. "Somo yangu atakulia pale Marcellin alipokulia," alisema. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifundisha asubuhi na mchana, na jioni nilinunua kila kitu: unga, kuni, majani ya muhogo ya kupika sombe, hata maji siku ambazo sikuwa na nguvu ya kushuka mtoni. Nilisimama barabarani, nikalisindikiza kwa macho kamio, lile lori la kampuni lililowabeba.

Mara mbili niliandika barua kumwomba mtoto. Mara mbili katekista wa Wamaza alimsomea mama mkwe, naye akarudisha jibu lile lile: njoo umwone wakati wowote, lakini hatoki.

Likizo ya Julai nilikwenda kukaa siku nne. Feza, sasa miaka minne, alikuja kunisalimu kwa kupiga goti, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni wa parokia. "Jambo, mama mwalimu," alisema. Siku ya tatu alisimama karibu na kiti changu, akakisugua kwa kidole, akauliza kwa adabu kabisa, "Ukienda, hiki kiti ni changu?"

Nilimwambia ndiyo. Njiani kurudi sikulia. Nilikuwa nikifikiri kwamba Wamaza kuna shule ya misheni yenye vyumba viwili vya udongo, na kwamba mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ameondoka.

Siku tatu nilisimama mlangoni kwa sista mkuu bila kubisha. Siku ya nne alifungua mwenyewe. Alinisikiliza, akasema shule ya Wamaza haipati msaada wa serikali, akasema mshahara, akasema nyumba ya mwalimu inavuja. "Nimeiona," nilijibu. Akaniangalia kama aliyesikia kiti kikisema.

Rafiki yangu Victorine, tuliyesoma pamoja na kufundisha ukuta kwa ukuta, alipiga makofi ya mshangao.

"Mia nane! Weye, mpishi wa padri anakushinda! Na kule utakula nini, chaki?"

"Nitalima."

"Na mikono hiyo?" Alikishika kiganja changu, akakigeuza mbele ya walimu wengine. "Tazameni jamani jembe la mama huyu. Litakatika kabla ya kufika shambani."

Nilicheka nao. Usiku wa mwisho Victorine alilala kwangu, na asubuhi yeye ndiye aliyenisaidia kubeba gunia hadi kwenye kamio.

Lile gunia ndilo kosa langu. Kwa mshahara wangu wa mwisho wa Kasongo nilikuwa nimenunua unga wa muhogo, nusu gunia, mweupe, uliochekechwa vizuri. Kasongo unga ndio kila kitu. Mgeni akiingia na kilo mbili za unga, mwenye nyumba humshukuru hadi mlango wa pili. Nilifikiri: sitamfikia mama mkwe mikono mitupu. Nilikaa juu ya gunia hilo njia nzima katika kamio tupu lililokuwa likienda Kabambare kuchukua pamba, nikilikinga na vumbi kwa khanga yangu.

Mama mkwe alinipokea mlangoni pake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya Marcellin. Majirani walikuwa wameshakusanyika, kwa kuwa kamio likisimama Wamaza kila mtu hutoka. Nilipiga goti, nikaliweka gunia mbele ya miguu yake, nikafungua kamba ili weupe uonekane.

Majirani walitazamana.

"Hii iko nini?" aliuliza.

"Unga, mama. Nimekuletea."

"Unga." Aliingiza vidole, akatoa kidogo, akauacha uanguke. "Nani alikwenda Kasongo kukuambia huku tunakufa njaa?"

"Hakuna, mama, mimi—"

"Miaka hamsini ninalima. Nimezaa saba, nimelea saba, na huyu wa nane. Leo mukamwana ananiletea unga wa duka mbele za watu." Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliita vijana wawili, wakalibeba gunia ndani. Nililiona kupitia mlango: walilitundika kwenye boriti juu ya jiko, mahali pa moshi, ambapo kila aingiaye angeliona.

Faida, jirani yake, aliyenisindikiza hadi nyumba ya mwalimu ng'ambo ya njia, ndiye aliyenifungua macho.

"Huku mutu analeta chumvi," alisema. "Analeta sabuni, analeta kitambaa. Unga unabeba kwenye nyumba ya msiba ao nyumba ambayo mwanamke wake ameshindwa na jembe. Masista hawakukufundisha hilo?"

"Hawakunifundisha."

"Miaka yote ile ya masomo!" Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Kesho nenda umwone. Usiende na kitu."

Nilikwenda alfajiri. Mama mkwe alikuwa akitwanga. Feza alikuwa ameketi kwenye kile kiti changu cha Julai, miguu ikining'inia. Niliomba msamaha. Kisha, kwa kuwa nilijua kwamba nikinyamaza siku ile nitanyamaza mwaka mzima, nikasema neno lililonileta. Nilisema nimehama, sikuja kutembea. Nyumba yangu iko hatua thelathini kutoka hapa. Naomba mtoto wangu alale kwangu.

Mchi ulisimama.

"Utamulisha nini?"

"Nina mshahara, mama."

"Nimekuuliza utamulisha nini, mwalimu. Faranga zinapikwa?" Aliinua mchi tena. "Mutoto wa nyumba hii hali chakula cha kununua. Siku utakayoweka mbele yangu chakula cha shamba lako mwenyewe, nikala, nikashiba, siku hiyo somo yangu atachukua mkeka wake aje kwako. Kabla ya hapo anakuja kwako kusalimu."

"Na nikikiweka?"

"Nimesema. Miye sisemi mara mbili."

"Basi nionyeshe pa kulima," nilisema.

Aliuegemeza mchi ukutani. Nadhani alitarajia machozi, na yalikuwa karibu, lakini niliyazuia kwa kutazama gunia lililotundikwa.

Alinionyesha kipande kando ya kijito, pori lililolala miaka, lenye kichuguu katikati na mizizi minene kama paja. Septemba nzima nilitoka darasani saa sita, nikala muhogo wa kuchemsha, nikashika panga. Wiki ya kwanza malengelenge yalipasuka, nikawa naandika ubaoni kwa mkono uliofungwa kitambaa. Wanafunzi wakubwa walitaka kunilimia. Kwenye shule nyingine walimu waliwalimisha. Niliwakataza. Neno la mama mkwe lilikuwa shamba langu mwenyewe, na sikutaka baadaye mtu aje kuliuliza.

Sitasema kwamba nilifurahi. Jioni nilikaa mlangoni, mgongo ukiuma, nikakumbuka sukari, mkate wa Jumapili, taa ya umeme ya masista, na Victorine akipiga ukuta kunitania. Mshahara wa kwanza wa mia nane ulipokuja na katekista, niliuangalia nikaona aibu kidogo. Lakini mwisho wa mwezi nusu yake ilikuwa bado ndani ya sanduku. Nilikuwa nimenunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, basi.

Oktoba nilipanda mpunga. Faida alinipa mbegu, akanionyesha jinsi ya kutoboa shimo kwa kijiti na kufunika kwa kisigino. Feza alikuwa akija kusalimu, kama ilivyosemwa. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, mikono nyuma, akanitazama nikitoboa.

"Nkambo anafanya haraka," aliniambia siku moja kuhusu bibi yake.

"Najua. Miye najifunza."

"Mwalimu anajifunza?"

"Kila siku."

Alifikiri. Kisha akaingia shambani, akaanza kufunika mashimo yangu kwa kisigino chake kidogo, mstari mmoja mzima. Alipomaliza akarudi kwa nkambo wake.

Mvua ilikuwa nzuri. Kufikia Januari mpunga ulinifika kifuani, masuke yakaanza kuinama, na ndege wakaja. Mtu asiyelima mpunga hawezi kuwajua ndege hao. Ni wadogo, unaweza kuwafunika wawili kwa kiganja, lakini hushuka kwa mamia, na suke lenye maziwa hulinyonya likabaki kapi. Shamba halilindwi kwa dawa wala kwa sanamu. Linalindwa na mtu aliyeketi ndani yake tangu mapambazuko hadi jua kuzama, akivuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele. Wiki tatu, hata nne.

Nami saa moja na nusu nilipaswa kuwa mbele ya watoto hamsini.

Nilifunga kamba kwenye vijiti, nikajenga kibanda juu ya kichuguu. Niliamka kabla ya jogoo, nikapiga makopo mpaka kengele ya shule, nikakimbia, na saa sita nikarudi mbio. Yale masaa ya katikati yalikuwa ya ndege. Nilijua. Nilifundisha kujumlisha huku masikio yangu yakiwa kijitoni.

Katika juma lile lile ilikuja barua ya sista mkuu. Mwalimu aliyechukua nafasi yangu ameolewa Kindu. Darasa liko wazi, na ukaguzi umekwisha, mshahara utakuwa elfu moja na mia sita. Kamio la kampuni linarudi Kasongo Jumamosi. Dereva ameambiwa anichukue. Chini, kwa mwandiko wa Victorine: *Rudi, ukuta unanyamaza.*

Nilisoma barua kibandani, kamba mkononi. Nikirudi, nitapata mara mbili ya hapa. Nikirudi, Jumapili ndege watakuwa wamemaliza shamba, na Julai mtoto atanipa mkono kwa adabu. Niliigeuza karatasi, nikaandika nyuma kwa penseli, kwa vile niliogopa kwamba nikisubiri wino nitaandika maneno mengine: *Sista, ninashukuru. Mpunga wangu haujaiva, siwezi kuondoka. Hata ukiiva sitaondoka. Mumpe nafasi mwingine.* Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia mkubwa. Niliisoma mara moja tu, nikampa dereva.

Siku zilipita, ndipo nikaanza kuona jambo nisilolielewa. Masuke yalikuwa mazima. Kwa masaa manne kila asubuhi shamba lilibaki wazi, na bado masuke yalikuwa mazima. Pembezoni ndege waliharibu kidogo. Katikati, karibu na kichuguu, hawakugusa. Nilimuuliza Faida kama ni yeye. "Mimi nina ndege wangu," alisema, akageuza uso haraka mno.

Alhamisi moja padri alikuja kwa maungamo, shule ikafungwa mapema. Nilishuka kijitoni nikasikia makopo yakilia. Nilisimama nyuma ya migomba. Mama mkwe alikuwa ameketi kibandani kwangu, kamba zote tano mkononi, kiko mdomoni, akivuta kwa zamu bila hata kutazama. Feza alikuwa akikimbia kati ya mistari, akigonga kigae na kuwaimbia ndege matusi.

"Ondokeni, wezi! Huu mpunga iko ya mama mwalimu! Ondokeni, vitumbo!"

"Upande wa kijito, somo," mama mkwe alimwambia. "Wanaingia kwa mlango wa nyuma."

Nilitoka. Hapakuwa na pa kujificha, wala kwake wala kwangu. Alitoa kiko mdomoni.

"Shule imekufa?"

"Padri amekuja. Mama, hili ni shamba langu. Ulisema mwenyewe."

"Umelima weye. Umepanda weye. Nani aliona mimi nashika jembe hapa?"

"Lakini ndege—"

"Ndege wakila kwako leo, kesho wanahamia kwangu. Nalinda langu." Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kilima. Alinyanyuka, akapangusa nguo. "Na sauti yako iko ndogo sana. Ndege wanadhani unawaombea. Piga kelele kama mutu."

Nikapiga. Ilitoka nyembamba, ikavunjika katikati. Feza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja akasimama kando yangu, akanifundisha: mikono hapa, tumbo ndani, sasa. Tukapiga pamoja, na wingu zima la ndege likainuka kutoka kwenye mpunga wangu. Mama mkwe alikuwa ameshapanda njia, hakugeuka.

Nilivuna mwishoni mwa Februari, kwa kisu kidogo, suke kwa suke. Nilianika, nikatwanga, nikapepeta. Nilimwomba Faida kuku, nikamlipa chumvi na sabuni, nikapika sombe kwa mawese, nikapika wali ule mwekundu kidogo wa shamba jipya. Niliubeba kwa sinia hadi mlangoni kwa mama mkwe, mchana, watu wakiona, kama nilivyobeba lile gunia.

Alinawa. Alikula taratibu, mbele yangu. Aliongeza. Akaongeza tena. Mara moja alitema kijiwe, akakitazama, akakiweka kando.

"Kupepeta bado hujui," alisema.

"Nitajifunza, mama."

"Nimeshiba."

Alinawa tena, akaingia ndani. Nilimsikia akishusha kitu. Alitoka na gunia langu la Kasongo, jeusi kwa moshi, akalimwaga uani. Unga uliokuwa mweupe ulitoka kijivu, umeshikana, una wadudu, kuku wakakimbilia. Alilikung'uta gunia, akaingia nalo tena, na alipotoka mara ya pili lilikuwa na mbegu za karanga hadi robo, limefungwa kwa kamba mpya.

"Somo! Leta mkeka wako."

Feza alitoka na mkeka umekunjwa, umempita kichwa. Alinitazama, akamtazama nkambo wake. Tukavuka njia, mimi na gunia, yeye na mkeka. Katikati ya njia alisimama.

"Nkambo atalala na nani?"

Nami nikasimama. Miezi sita nilikuwa nimeutazama mlango ule kama mlango uliofungwa, na sasa nilipogeuka niliona tu mwanamke mzee ameketi peke yake, mikono mikubwa magotini. Nilitua gunia.

"Nenda ukamuulize mwenyewe," nilisema. "Nakungoja hapa."

Alikimbia. Niliwaona wakizungumza, mtoto akinyoosha kidole, mama mkwe akitikisa kichwa, kisha sauti yake ikanifikia mpaka njiani:

"Miye nililala peke yangu kabla baba yako hajazaliwa! Nenda! Na mwambie Mama Feza hizo karanga hazingoji Jumatatu."

Asubuhi nilipofungua mlango, ukungu ukiwa bado juu ya kijito, mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini kwetu, majembe matatu yameegemezwa ukutani. Moja lilikuwa na mpini mfupi, uliochongwa upya, mweupe bado.

"Mumechelewa," alisema. "Mwamushe."